Kopo la vitamini kutoka Mwanjelwa: nani ameze, nani asimeze

Karibuni tena, ndugu zangu. Niko hapa Mwanjelwa, Mbeya, na hili ni kopo la multivitamini, vidonge 30, shilingi 35,000. Jina nimelifunika kwa karatasi kwa sababu ninachotaka mkione kiko upande wa nyuma.

Tazameni hapa. Vitamini A, yuniti 5,000 kwa kidonge. Kalsiamu, chuma, zinki. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo: kidonge 1 kwa siku. Aliyeniuzia ameniambia nimeze 2 asubuhi na 2 jioni, eti vinasafisha damu. Hesabuni wenyewe, hizo ni yuniti 20,000 kwa siku! Mama mjamzito hatakiwi kuvuka 10,000 za vitamini A ya aina hii, maana ikizidi inaweza kumletea mtoto ulemavu angali tumboni. Vitamini C ya ziada hutoka na mkojo. Hii A inajilimbikiza kwenye ini.

Sisemi vidonge ni vibaya. Dada unayetarajia kubeba mimba, asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, inamkinga mtoto na mgongo wazi. Zile FEFO za kliniki zinayo, pamoja na chuma. Mezeni, tafadhali. Ila msizishushie kwa chai, hata iwe majani yetu ya Tukuyu, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Tumieni maji. Choo kikiwa cheusi msishtuke, ni hayo madini. Na vidonge vikae juu, watoto wasivifikie. Chuma kingi kinaweza kumuua mtoto mdogo.

Sasa hapa naomba tusikilizane vizuri. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU Tanzania Bara, na ndugu zetu wengi wanatumia ARV yenye dolutegravir. Kalsiamu, chuma na zinki vinainasa dawa hiyo tumboni, inaingia kidogo kwenye damu. Kwa hiyo meza ARV masaa 2 kabla ya kidonge cha kopo hili, au masaa 6 baada yake, na uwaambie CTC, yaani kliniki yako ya VVU, kwamba unakitumia. Muuzaji akikwambia uache ARV ubaki na virutubisho vyake, nyanyuka uondoke.

Kwa watoto, mimi hili kopo silinunui. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, mkoa unaovuna mahindi hivi! Mtoto anayekula uji mtupu anahitaji mayai, dagaa, maharage na parachichi kwenye sahani yake, na 35,000 inavinunua vyote hapa hapa sokoni.

Mwenye kopo kama hili nyumbani aende nalo kliniki, amwonyeshe nesi huo upande wa nyuma kabla hajameza kingine.