Karatasi ya kuzuia kutu kwenye koili za mabati: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Niseme mapema: karatasi yenyewe ni nzuri na nitainunua tena. Ila aliyeniuzia hakunieleza hata nusu ya yale niliyohitaji kujua, na kutojua huko kulinigharimu koili nyingine (bati refu lililovingirishwa) juu ya zile nilizokuwa nimeshapoteza. Ndiyo maana naandika.

Nina karakana ndogo Kariobangi Light Industries. Tunakunja gata na kofia za paa kwa mabati ya zinki. Koili za tani tatu, nne, hizo ni za wenye viwanda. Mimi hununua zilizokwisha kupasuliwa, upana wa milimita 300, unene wa 0.4, uzito wa nusu tani hivi. Ukiiona imekaa pembeni utadhani ni gurudumu la lori, lakini humo ndani kuna zaidi ya mita 500 za bati. Ikiharibika, piga hesabu mwenyewe ni gata za nyumba ngapi zimekwenda.

Julai ya mwaka juzi nilipata bei nzuri kwa muuzaji mmoja wa Mombasa. Koili tatu. Zilikuwa zimevingirishwa nailoni ile inayojishika yenyewe, kama wanayofungia masanduku ya nguo uwanja wa ndege, tabaka juu ya tabaka, zinametameta kama peremende. Lori liliondoka jioni, likapanda usiku kucha, asubuhi taniboi akanipigia simu kwamba wako Mlolongo. Tukazishusha kwa cheni bloku, nikazipiga picha nikimtumia muuzaji kumshukuru kwa ufungaji safi. Nikamwambia fundi tusizifungue mpaka kazi ya Ruiru ianze, zisije zikala vumbi bure.

Kazi ya Ruiru ilichelewa wiki saba. Siku tuliyofungua, fundi alipasua nailoni kwa kisu, akapitisha kiganja juu ya bati, kisha akanigeuzia. Kiganja kilikuwa cheupe kama cha mtu aliyetoka kukanda chapati.

"Mkubwa, hii imeota ukungu."

Tulipovuta mita ya kwanza, ya pili, ya kumi, mabaka yalikuwa yaleyale, yamejirudia kila mzunguko kama muhuri. Nilimpigia muuzaji. Akaniuliza nailoni ilikuwa imechanika? Nikasema la, ilikuwa nzima. "Sasa ndugu yangu, maji yaliingilia wapi?" Siku hiyo sikuwa na jibu. Kesi ikaishia hapo, hasara ikawa yangu. Koili moja tuliipiga brashi ya nailoni tukaitumia pale ambapo paa lingepakwa rangi. Mbili zilienda kwa bei ya chuma chakavu.

Jibu nilikuja kulipata kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la chuma Barabara ya Lunga Lunga. Alinicheka kwanza. "Kijana, ulinunua bati na hewa ya Mombasa." Hewa ya pwani ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha maji ikipozwa chini ya nyuzi 26 hivi. Sasa ifungie ndani ya nailoni, ipandishe mpaka Nairobi ya Julai, ambako usiku nyuzi zinashuka hadi 12. Maji hayakuingia popote. Yalisafiri humohumo, na nailoni ile safi niliyoisifia ikayazuia yasitoke.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba zinki haiogopi mvua. Bati la paa linanyeshewa miaka na miaka kwa sababu likilowa linakauka, na hewa ikilipiga linajijengea ngozi ngumu inayolilinda. Koili haina nafasi hiyo. Maji yakinaswa kati ya mzunguko na mzunguko, pasipo hewa, ngozi ile haijengeki. Zinki yenyewe inaliwa na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo bati linaweza kuharibika stoo kwa wiki chache, hilohilo ambalo juu ya nyumba lingedumu.

Mzee ndiye aliyenitajia karatasi ya VCI, yaani karatasi yenye mvuke wa kuzuia kutu. Nikaitafuta Industrial Area, nikaipata kwa roli. Kwa macho ni karatasi ya kaki tu, upande mmoja una ngozi nyembamba ya plastiki. Imetiwa kemikali inayotoka polepole kama mvuke, ikijaa ndani ya kifungashio na kutua juu ya chuma, tabaka usiloliona wala kulishika, linalozuia maji na hewa visile metali. Ukifungua kifungashio, mvuke unaondoka na bati liko tayari kwa kazi, hakuna mafuta ya kufuta. Hilo nimelipenda sana, kwa sababu zamani tulikuwa tunapaka mafuta halafu silikoni ya kuzibia viungo vya gata inagoma kushika.

Jaribio la kwanza lilishindwa, na sitailaumu karatasi. Fundi aliona upande wenye plastiki unang'aa, ni laini, akasema huo ndio ulale kwenye bati usije ukakwaruza. Mimi mwenyewe nikaona ana hoja. Kumbe upande wa plastiki ndio wa nje. Ule mkavu, usio na mvuto wowote, ndio wenye dawa. Tena tukavingirisha mgongo wa koili peke yake, lile tundu la katikati na pande mbili za kingo tukaziacha wazi. Mvuke wote ukatokea hapo. Mvua za Aprili zilipokwisha, kingo zilikuwa nyeupe sentimita mbili kuingia ndani. Muuzaji wa karatasi alikuwa amenihesabia pesa, akanipa risiti, na kuniambia "hii haikuangushi, boss". Upande gani unagusa bati, kimya.

Sasa tunafanya hivi. Koili ikifika haifungwi siku hiyo. Ikiwa na nailoni ya safari naipasua palepale, hata kama ni nzuri namna gani, na koili inalala wazi karakanani usiku mmoja au miwili mpaka iwe na joto sawa na la chumba. Ukiigusa asubuhi ukahisi inatoa jasho kama chupa ya soda, ngoja. Kisha karatasi inapitishwa ndani ya tundu na kurudi nje, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka koili yote imevalishwa, kingo zimefunikwa, viungo vimebandikwa selotepu pana. Juu yake ndiyo inakuja nailoni, kuifunga ile karatasi isipumue. Kwenye tundu tunaning'iniza vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Bendi za chuma hazikai moja kwa moja juu ya karatasi, zinaikata. Tunaweka kipande cha kadibodi chini ya kila bendi. Na fundi anavaa glavu. Alidhani namdharau nilipomletea, mpaka akaona alama za vidole vyake mwenyewe kwenye bati la mwezi uliopita, vitano vyote, vimekaa pale na chumvi ya jasho.

Sakafu nayo ina maneno yake. Koili ikikaa juu ya saruji tupu inavuta unyevu kutoka chini, na mbao mbichi ni mbaya vilevile, zinatoa maji. Tunatumia mbao kavu zilizofunikwa mpira, na kabari pande zote mbili, maana nusu tani ikianza kubingirika humuombi mtu asaidie kuishika, unakimbia.

Matokeo? Koili niliyoifunga kwa namna hiyo mwezi wa tatu tuliifungua mwezi wa kumi na moja. Miezi minane, mvua ndefu zote ndani yake. Ilikuwa kavu mpaka mzunguko wa mwisho, isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa sahani pale mkokoteni ulipoigonga na karatasi ikachanika bila mtu kusema. Tangu hapo nazungukia stoo kila Jumamosi na selotepu mkononi.

Malalamiko yangu. Bei, kwanza: nililipa karibu mara tatu ya nailoni ya kawaida, ingawa ukilinganisha na koili mbili zilizokwenda kwa chakavu hata huwezi kulalamika kwa sauti. Pili, zipo aina za chuma tupu na aina zinazofaa zinki pia, na dukani zinawekwa pamoja zikifanana kama mapacha. Soma lebo, kama haitaji zinki, usichukue kwa ajili ya mabati. Tatu, haiponyi. Koili iliyokwisha kuota unga ukiifunga kwa karatasi hii utaifungua na unga wake.

Halafu mabaki. Fundi alikuwa ameshakusanya vipande vizuri ampelekee mama wa mandazi wa hapo nje, karatasi ya kaki safi kabisa, kwa nini itupwe. Nilivichukua vyote. Ile ni kemikali, haikutengenezwa kugusa chakula. Mama alininunia siku mbili hivi.

Kilichobaki ni upana. Roli ninayopata ni ya mita moja, koili yangu ni ya milimita 300, na nusu ya karatasi inaishia kuwa mikunjo. Niliuliza roli nyembamba, nikaambiwa mpaka niagize nyingi. Basi jirani yangu wa majiko, ambaye ana koili zake za chuma cheusi, tumekubaliana: tunachangia roli moja, tunailaza juu ya benchi, mimi nashika huku yeye anashika kule, na tunaikata katikati kwa msumeno wa mbao. Inatoa vumbi linalowasha pua, na mkato haujawahi kunyooka hata siku moja.