Antioksidanti sokoni: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Maduka ya lishe mjini yamejaa makopo yanayoahidi kurudisha ujana na kulinda mwili dhidi ya radikali huru. Hatua chache nje ya mlango, mama amepanga mafungu ya mapera yenye kazi hiyohiyo, na bei zake hazikaribiani hata kidogo na za kopo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pesa ya kawaida ya sokoni anayetaka kujua aanze na kipi.

Kwanza tujue tunanunua nini. Seli zinapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, huzaliwa molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Hizo ndizo radikali huru. Kila moja hupora elektroni ya molekuli iliyo jirani, iliyoporwa nayo hupora inayofuata, na mlolongo huo ukipita kwenye utando wa seli, protini au DNA, huacha uharibifu. Moshi wa sigara na jua kali huziongeza. Antioksidanti hutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka hatari, na mlolongo unakatika. Vitamini C hufanya kazi penye maji, vitamini E na karotini (rangi ya chungwa ya mimea) penye mafuta. Vitamini E ikishatumika, C huirudishia uwezo wake. Mwili nao una vimeng'enya vyake vya ulinzi, vinavyotegemea madini kama zinki, shaba na seleniamu. Tena radikali huru si adui mtupu, maana chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Anayekuahidi kuzimaliza zote mwilini ameshakupa sababu ya kutomnunulia.

Sikupanga orodha hii kwa namba za maabara. Wauzaji walipenda sana kunukuu jedwali la ORAC, lililopima nguvu ya vyakula ndani ya chupa, na humo karafuu ilikuwa miongoni mwa vilivyo juu kabisa. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyachapisha majedwali hayo, kisha ikayaondoa mwaka 2012 kwa sababu namba hizo hazisemi kinachotokea mwilini na kampuni zilikuwa zikizitumia vibaya. Na nani anakula gramu mia za karafuu? Mimi nimetazama mambo matatu: kiasi unachokula kweli, kinachofyonzwa tumboni, na uwezekano wa kuuziwa bidhaa iliyochakachuliwa.

1. Mapera

Gramu 100 za mapera zina takribani miligramu 228 za vitamini C. Chungwa kwa uzito huohuo lina kama 53. Mtu mzima anahitaji 45 kwa siku kwa kipimo cha WHO na FAO, mashirika ya dunia ya afya na ya chakula, na Wamarekani huweka 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume, mvutaji sigara akiongezewa 35. Pera moja la ukubwa wa wastani linamaliza hesabu ya siku. Chagua lililoanza kunukia lakini bado gumu kidogo, usilimenye, na uangalie vitundu vya funza karibu na kikonyo. Msimu ukiisha, nenda kwenye papai na machungwa. Juisi ya pera iliyochujwa na kutiwa sukari siihesabu hapa.

2. Mchicha, matembele, kisamvu, pamoja na nyanya

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinaingia sufuria moja. Majani yana beta karotini na luteini, nyanya ina laikopini, na antioksidanti zote hizo huhitaji mafuta ili tumbo lizifyonze. Laikopini hutoka vizuri zaidi nyanya ikipikwa, kwa hiyo rojo lako la nyanya na vitunguu lina faida kuliko kipande kibichi pembeni ya sahani. Kwa kitunguu chukua chekundu, na usimenye tabaka nyingi, kwani kwasetini, antioksidanti yake, imejaa zaidi tabaka za nje.

Mchicha nunua asubuhi. Muuzaji akiurushia maji kila baada ya muda, tazama shina: lililochoka halidanganyi. Osha kabla ya kukata, kwa sababu vitamini C huyeyuka na kwenda na maji, na usichemshe ukamwaga. Kisamvu ni habari nyingine: lazima kitwangwe na kipikwe vizuri kwa ajili ya sumu yake ya sayanidi, na huko C hupotea, lakini karotini nyingi hubaki. Ukiwa Dar es Salaam, uliza mboga imelimwa wapi. Bustani za bonde la Msimbazi zimelalamikiwa miaka mingi kwa maji machafu, na kuosha kwa chumvi hakuondoi madini mazito.

3. Viazi lishe

Hivi ni viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, na kwa beta karotini viko mbali sana mbele ya vile vyeupe. Kazi ya kuvizalisha na kuvisambaza Afrika iliwapatia Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade na Jan Low Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis aliyeshughulikia urutubishaji wa mazao kwa upana zaidi. Ganda halikuambii kitu. Mwombe muuzaji avunje kimoja, na kadiri chungwa lilivyokolea ndivyo karotini ilivyo nyingi. Chemsha na maganda, kula na karanga au chochote chenye mafuta.

4. Mawese mekundu

Kwa wa Kigoma, Burundi na Kongo hili halihitaji maelezo. Mawese ghafi yana takribani miligramu 500 hadi 700 za karotini kwa kilo, na juu yake vitamini E ya aina ya tokotrienoli. Ila ukiyaunguza mpaka yawe meupe, karotini umeiunguza. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale ya manjano hafifu ya dukani, nayo yamekwishapoteza rangi hiyo.

Mbona basi nafasi ya nne? Kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli) ya damu, na kwa sababu ya uchakachuaji: nchini Ghana mamlaka zilikuta mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Mawese halisi huganda nusu kwenye ubaridi, tabaka zito likikaa chini. Yanayobaki majimaji na mekundu yote hata asubuhi ya baridi yaache. Kijiko kimoja kwenye maharage kinatosha.

5. Chai na rozela

Chai nyeusi unayo tayari nyumbani, na ina polifenoli, antioksidanti zake. Usinywe pamoja na chakula, hasa ukiwa mjamzito au una upungufu wa damu, maana tanini huzuia madini ya chuma ya mboga. Subiri kama saa moja. Rozela nunua iliyokaushwa nzima, nyekundu iliyokolea, isiyo na ukungu. Hushusha shinikizo la damu kidogo, hivyo mwenye kumeza dawa za presha amwambie daktari wake. Sukari ndiyo inayoiharibu.

6. Viungo

Nunua kwa ladha, antioksidanti zije kama nyongeza. Karafuu nzuri ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia majini huzama au husimama wima. Inayoelea kwa ubavu huenda imekwishakamuliwa mafuta yake.

Manjano nunua mizizi mikavu ukasage mwenyewe. Huko Bangladesh watafiti walikuta manjano yaliyotiwa kromati ya risasi ili yang'ae, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Kurukumini, antioksidanti ya manjano, hufyonzwa kidogo sana. Pilipili manga husaidia.

7. Vidonge na makopo

Huku mwisho kabisa, na si kwa sababu ya bei. Nchini Finland wavuta sigara 29,133 walifuatiliwa, baadhi wakipewa miligramu 20 za beta karotini kila siku. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Jaribio lingine la Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Vitamini E nayo ilipopewa wanaume wengi kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume, ugonjwa huo uliongezeka kwa asilimia 17. Karotini ya kiazi huja kidogo kidogo, pamoja na nyuzi na mamia ya kemikali nyingine za mmea. Ya kidonge huja peke yake kwa dozi kubwa.

Wapo wanaovihitaji, kama wenye aina fulani ya ugonjwa wa macho ya uzeeni, lakini hao huandikiwa na daktari. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye kopo ni ya ubora wa bidhaa, si ushahidi kwamba inatibu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliye katikati ya tiba ya saratani abebe kopo lenyewe hadi kliniki kabla ya kulifungua, liwe la kurukumini, chai ya kijani iliyokolezwa au vitamini E.