Ubuyu wa kupima au wa pakiti, kwa asiyepatana na rangi

Hapa Tanga, swali hili huulizwa sana na wazazi ambao watoto wao hutoka vipele wakila vitu vya rangi.

Kwa bei, wa kupima unashinda bila ubishi. Unanunua wa hela uliyonayo. Kwa kujua kilichomo, pakiti iko mbele, mradi uigeuze usome. Namba zinazoanza na E ni za viungio vya chakula. E102 ni tatrazini, rangi ya njano inayowatoa baadhi ya watu vipele. Namba za E220 hadi E228 ni za salfaiti, dawa za kuhifadhi chakula, zinazoweza kuwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinataka zitajwe kwenye lebo zikifika miligramu 10 kwa kilo. Lakini pakiti iliyoandikwa "rangi ya chakula" basi, bila jina wala namba, mimi siihesabu kuwa na lebo.

Wa kupima hauna maandishi, ila una mpishi. Akiwa jirani yako, mwambie akuoneshe kikopo cha rangi, au akupikie usiotiwa rangi kabisa. Kiwanda hakikufanyii hilo. Kwa muuzaji usiyemjua, mwenye mzio asionje hata punje moja. Asiye na mzio achague kwa ulimi wake.