Taa za sola za kufukuza fisi, nimekaa nazo miezi minne zizini

Wakuu habari, mimi nipo huku Magu ila hizi taa nilizichukua Mwanza mjini, taa 4 kwa laki moja na ishirini, na naandika kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyezijaribu kwa fisi nikamkosa. Mwezi wa tano fisi waliniulia mbuzi 3 usiku mmoja, walipenya pale minyaa ilipokauka, mbwa walibweka mpaka sauti zikakauka.

Taa inajichaji mchana na jua, giza likiingia inawaka yenyewe, inamulika bila mpangilio mara huku mara kule, fisi anajua kuna mtu anazunguka na tochi. Ni kama alivyofanya Richard Turere, yule kijana wa Kimasai wa Kitengela kule Kenya aliyezungushia zizi lao taa za kuwaka kwa zamu mpaka simba wakaacha kuja. Hata wafugaji wa Marekani wanaosumbuliwa na mbwa mwitu wa kwao (wolf, siyo hawa wetu) tangu warudishwe Yellowstone na Idaho 1995 wanatumia taa, wanatumia na kamba zenye vitambaa vyekundu, ila mnyama akishazoea harudi nyuma tena, kwa hiyo lazima uhamishehamishe.

Hilo la kuzoea nimelishuhudia aisee. Wiki ya sita nikakuta nyayo hatua kama 20 tu kutoka zizini, nikabadilisha sehemu zote 4 na nikazishusha usawa wa kiuno maana mwanzo nilikuwa nimezipandisha juu ya nguzo, na tundu la minyaa nikaliziba kwa miba kabisa, taa haizibi tundu jamani. Toka hapo kimya.

Kilichoniudhi, mvua za kwanza tu taa moja ikaingia maji ikafa, nimerudi dukani naambiwa haina garantii.

Ila bado nawaomba mnunue hizi kuliko sumu. Mwaka juzi mtu alitega sumu kwenye mzoga, mbwa wangu wawili wakafa, na tai wamelala pale chini mbawa wazi, inauma sana kuiona, na fisi waliendelea kuja vilevile.

Nyota 4. Mwisho wa mwezi naongeza mbili upande wa ndama, safari hii nitazifunika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.