Kuonja mvinyo mwekundu mkongwe wa Bourgogne: niliyoyakuta Beaune

Nianze na bei, asiye na nia asipoteze muda: euro 95 kwa kichwa, glasi tatu ndogo, mkate na jibini vikiwa ndani ya bei hiyo. Ni mjini Beaune, mkoa wa Bourgogne, Ufaransa, dakika kama 20 kwa treni kutoka Dijon, kwenye ghala la chini ya ardhi lenye baridi ya kutosha kukufanya ujute kuacha sweta. Ni ghali, lakini chupa moja tu ya umri ule ukiinunua dukani inaweza kupita hapo.

Mvinyo mwekundu wa kule karibu wote ni wa zabibu aina moja, Pinot Noir. Tofauti inaletwa na shamba, mwaka na mkono wa mtengenezaji, na mashamba yenyewe yamekatwakatwa hasa. Shamba maarufu la Clos de Vougeot lina hekta kama 50 tu, na wamiliki wake wanafika 80 hivi. Kwa hiyo jina kubwa kwenye lebo lisikutie wazimu.

Mzee aliyetuhudumia alikuwa amezisimamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie. Kwa chupa kongwe hakutumia kizibuo cha kawaida cha msokoto. Alipenyeza vile viwili vyembamba pembeni mwa kizibo, akawa anazungusha polepole huku anavuta, maana kizibo kilishalainika na kingemeguka. Wala hakuumiminia mvinyo kwenye jagi. Pinot Noir iliyozeeka ikipigwa na hewa nyingi harufu yake hukimbia.

Ya kwanza ilikuwa Gevrey-Chambertin ya 2005, ya daraja la kijiji, yaani lebo ina jina la kijiji tu. Mwaka ule unasifiwa sana Bourgogne, lakini glasi yangu bado ilikuwa ngumu, na ukakasi wa ndizi mbichi kwenye fizi. Nzuri, ila haikuwa na haraka ya kufunguliwa.

Ya pili ndiyo iliyolipia safari: Volnay premier cru (daraja la juu ya lile la kijiji) ya 1999. Ukiiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, katikati ni nyekundu iliyofifia na ukingoni imeingia rangi ya tofali. Miaka ikipita, rangi na ukakasi hushikana, vikawa vizito na kuzama. Ndiyo yale mashapo, na ndiyo sababu mvinyo unapauka na kulainika. Shemeji yangu, ambaye amezoea mvinyo mtamu wa Dodoma, alinusa akaninong'oneza, "Shem, hii si imechacha hii?" Nikamwambia asubiri kidogo, anuse tena. Uyoga na majani yaliyolowa ndivyo vinavyotangulia, halafu waridi kavu, halafu kwa mbali cheri. Mdomoni ni mwepesi kuliko unavyodhani, lakini ugwadu wake ulikuwa bado hai, na baada ya kumeza ladha ilikaa, ikakaa. Nilirudisha pua kwenye glasi mara nyingi kuliko nilivyorudisha mdomo. Shemeji aliishia kuisifu kwa adabu, kisha akarudi kwa ile ya 2005. Ladha za watu, siwezi kumgombeza.

Ya tatu, Nuits-Saint-Georges ya 1990, ilitoka na harufu ya ngozi na chai, tamu ya ajabu, lakini haikumaliza robo saa. Ilibaki maji yenye uchachu. Hilo si kosa la mtu. Chupa za umri ule kila moja ina bahati yake, hata zikitoka kwenye kreti moja. Nililokasirikia ni kwamba mimi ndiye niliyemiminiwa mwisho wa chupa, mashapo na yote, na kwa euro 95 mtu anategemea waache kumimina kabla ya kufika kwenye mashapo. Niliposema, walicheka tu.

Nyota 4 kati ya 5. Ukienda, usijipake manukato siku hiyo, na kunywa kilicho kikongwe zaidi mara tu kikimiminwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, premier cru ya Volnay yenye miaka 20 na kitu ina raha kuliko jina kubwa lililofunguliwa bado bichi. Epuka wikendi ya Jumapili ya tatu ya Novemba: ndipo unapofanyika mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, hospitali ya kale ya hisani ya mji huo, ulioanza 1859, na chumba cha kulala hukipati kwa bei ya binadamu.