Pinecil na pini ya chaji iliyokataa kuyeyuka

Oyaa wanangu, karibuni tena. Leo bloa, ile mashine ya kupuliza hewa moto, iko kabatini. Nimeshika Pinecil, kile kikalamu cha kulehemu mlichonisumbua nacho kwenye komenti. Habari za boksi mshaziona kwingine.

Sogeeni. Mwenye laptop hii anasema haichaji mpaka ashikilie waya kwa mkono. Oneni pini ya tundu la chaji hapa: kuna kamstari keusi, kembamba, kameizunguka kama pete. Lehemu imepasuka. Mita naiweka kwenye mlio, waya mmoja kwenye pini, mwingine kwenye njia yake ya bodi. Nikitikisa tundu… inalia, kimya, inalia. Yaani pini inagusa, inaachia.

Utamu sasa! Kalamu inatumia USB-C, lakini pia ina tundu la duara la volti 12 mpaka 24. Kwa hiyo naichomeka chaji ya laptop hii hii, volti 19. Mgonjwa kajinunulia dawa mwenyewe! Kichaji cha simu cha volti 5, sahau.

Kodoleeni skrini. Nimeweka nyuzi 350. Pini ya chanya: imeyeyuka, safi. Pini ya hasi, iliyoshikana na shaba nusu ya bodi… 338… 321… 309. Mnaona? Shaba inanyonya moto wote, lehemu ngumu kama jiwe. Hapa ndipo kananiudhi. Ncha iliyokuja nayo imechongoka mno, tafuteni ya bapa. Halafu lehemu hii haina madini ya risasi, Ulaya iliyabana tangu 2006, inayeyukia nyuzi 217 hivi. Ya risasi ni 183. Basi napaka flaksi, ile dawa ya kusaidia lehemu itiririke na kushika, naongeza lehemu ya risasi, zinachanganyika… haya, imelainika! Nanyonya yote kwa utepe wa shaba, naweka mpya.

Mnaotaka nipige bloa chipu za picha za laptop zilizokufa, nawasikia. Mwaka 2008 Nvidia walitenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa chipu za laptop zilizokuwa zinakufa. Ufa ule uko ndani ya chipu yenyewe. Piga bloa, itawaka, mteja atalipa, kisha atarudi kakunja ndita.

Bei? Dola 26 hivi, usafiri mbali. Kwa fundi wa kuitwa majumbani, nunua. Mezani kwangu stesheni, ile mashine kubwa ya kulehemu, haijastaafu. Ijumaa tuko laivu, leteni bodi zenu.

Tujaribu… ngojeni kwanza nichomoe kalamu, chaji ni moja. Haya. Taa imewaka. Natikisa. Natikisa tena. Haizimi!