Gitaa la Besi la Kuanzia: Kagua Nati ya Shingo Kabla ya Kutazama Rangi

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanaoanza kujifunza besi yanafanana mno. "Vidole vinaniuma." "Noti ya F haitoki." "Mwalimu anabonyeza bila shida, mimi nakaza mpaka mkono unakufa ganzi." Wengi wameshaamini kwamba vidole vyao ni dhaifu au vifupi, na wengine wameshalirudisha gitaa kwenye mfuko wake. Nikiwaomba wanitumie picha ya shingo ya gitaa iliyopigwa kwa ubavuni, karibu na freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo), mara nyingi jibu linaonekana hapohapo: nyuzi zimekaa juu mno. Vidole havina kosa lolote. Waliuziwa gitaa ambalo halijamalizwa kutengenezwa.

Kwa hiyo sitazungumzia aina ya mbao, rangi wala idadi ya pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Nitakaa kwenye kitu asichokitaja.

Nati ya shingo ni kile kipande chembamba cha plastiki au mfupa kinachokaa pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa, chenye mifereji minne ya kupitishia nyuzi. Kina cha mifereji hiyo ndicho kinachoamua uzi utainuka kiasi gani juu ya freti za mwanzo. Kwenye magitaa ya bei ya chini, mifereji huachwa juu kwa sababu ya usalama wa kiwanda: ikichimbwa kupita kiasi, uzi usiobonyezwa utagonga freti ya kwanza na kukwaruza, na nati nzima italazimika kubadilishwa. Ikiachwa juu, gitaa halikwaruzi, linapita ukaguzi, linafungwa kwenye boksi. Kazi iliyobaki anaachiwa mnunuzi, ambaye hata hajui kwamba ipo.

Anayeumia zaidi ni huyu anayeanza, maana masomo yake yote yako palepale. F iko freti ya kwanza ya uzi wa E, ule mnene kuliko yote. B flati iko freti ya kwanza ya uzi wa A. Mpigaji mzoefu anaweza kupandisha mkono hadi freti ya tano na kuendelea, ambako nati haina uzito mkubwa tena. Mwanafunzi hana pa kukimbilia.

Ukaguzi wake ni wa dakika chache. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya tatu na usiuachie. Sasa inama, tazama kwa ubavuni nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa iwe ndogo sana, kama ya kupitisha karatasi. Kwa kidole cha mkono mwingine, gonga uzi taratibu juu ya freti hiyo ya kwanza: kwenye nati iliyokatwa vizuri utasikia "tik" ndogo ya uzi kugusa chuma, na uzi utakuwa umesogea kidogo tu. Ukiona mwanga mwingi unapita chini ya uzi, na uzi unashuka safari ndefu kabla ya kugusa, weka gitaa chini. Rudia kwa nyuzi zote nne, kwa sababu mara nyingine mfereji mmoja umekatwa vizuri na wa jirani yake umeachwa.

Kisha tumia tyuna, kifaa cha kupima kama noti iko sawa. Ya kwenye simu inatosha. Weka uzi wa E sawasawa, halafu bonyeza freti ya kwanza kwa nguvu ya kawaida. Tyuna ikae kwenye F. Ikionyesha kwamba noti imepanda, maana yake uzi unavutwa sana ili uifikie freti, na kuvutwa huko ndiko kunakopandisha sauti. Nenda freti ya 12 upime tena. Kama ya 12 iko sawa lakini ya kwanza imepanda, mtuhumiwa ni nati. Mwanafunzi mwenye gitaa la hivi anapiga sauti iliyopotoka hata pale alipobonyeza mahali sahihi, na sikio lake linazoea upotofu huo. Hilo linanisikitisha kuliko maumivu ya vidole.

Ukimwonyesha muuzaji, atachukua alenkii, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, na kushusha vile vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi upande wa chini. Usikubali liishie hapo. Kushusha daraja kunapunguza kimo cha nyuzi juu ya freti zilizo karibu na mwili wa gitaa. Freti ya kwanza inabaki karibu kama ilivyokuwa, na sasa nyuzi zinaanza kukwaruza kuanzia freti ya 12. Chuma kilichomo ndani ya shingo nacho kina kazi yake ya kurekebisha mkunjo wa shingo, si kuponya nati. Nati inashushwa kwa tupa maalumu zinazolingana na unene wa kila uzi, na inayoishusha ni mikono ya fundi wa magitaa.

Sasa magitaa yenyewe, na ninasema wazi kwamba upendeleo wangu ni Yamaha.

Namba moja ni Yamaha TRBX174. Ina nyuzi nne, urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja ni inchi 34, pikapu mbili za aina tofauti, na haihitaji betri. Miongoni mwa magitaa ya kuanzia niliyoshika, Yamaha ndiyo ambayo nati zake nimezikuta zimekatwa kwa uangalifu zaidi, gitaa baada ya gitaa. Ukiipata TRBX174 yenye nyuzi nzima na shingo iliyonyooka, huna sababu ya kuendelea kutafuta. Mtu anaweza kuipiga miaka mingi, hata jukwaani, kabla hajahisi imempungukia.

Ya pili ni Yamaha BB234, kwa anayependa umbo la kizamani na sauti nzito zaidi. Kama uwezo unaruhusu na nafsi yako imeipenda, ichukue. Mtu hupiga zaidi gitaa analopenda kulitazama. TRBX304 yenye saketi ya betri ni nzuri pia, ila anayeanza hahitaji vitufe vingi hivyo.

Ya tatu ni Squier Affinity. Squier ni ya kampuni ya Fender, ambayo mwaka 1951 ilitoa Precision Bass na mwaka 1960 ikatoa Jazz Bass, na magitaa mengi ya besi yaliyokuja baadaye yamefuata mojawapo ya hayo mawili. Mwenye mikono midogo achague mtindo wa Jazz, kwa kuwa shingo yake pale kwenye nati ina upana wa milimita 38 hivi na vidole vinaizunguka kwa urahisi. Fanya ukaguzi wa freti ya tatu kabla ya kulipa.

Ya nne ni Ibanez GSR200. Ni jepesi, shingo yake ni nyembamba, na lina saketi ya kuongeza uzito wa sauti inayotumia betri ya volti 9. Chomoa waya kila ukimaliza mazoezi, kwa sababu betri inaendelea kuliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa.

Wenye mikono midogo sana na watoto wana njia nyingine: besi fupi. Kwenye gitaa la inchi 34, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 13. Kwenye Squier Bronco ya inchi 30, umbali huo unapungua hadi sentimita 11 na nusu hivi. Ibanez miKro, yenye inchi 28.6, inapungua zaidi. Tofauti hiyo mkono unaisikia siku ya kwanza. Hata hivyo, usikimbilie besi fupi kwa sababu tu F ilikushinda kwenye gitaa la rafiki. Kagua kwanza nati ya gitaa hilo la rafiki.

Kuhusu vifurushi vya bei ya chini kabisa, vyenye gitaa, amplifaya ndogo, mkanda na waya ndani ya boksi moja: sivipendekezi. Uzi wa E una mtetemo wa hezi 41 hivi, na spika ndogo ya kwenye kifurushi haiwezi kuutoa. Ni afadhali gitaa zuri na hedifoni zenye kikuza sauti chake kidogo, amplifaya ifuate baadaye.

Wauzaji wananikera katika mambo mawili. La kwanza ni kauli ya "vidole vitazoea." Ngozi ya vidole inazoea, ndiyo, lakini hakuna mazoezi yanayoshusha nati. Kauli hiyo imewaondoa watu wengi kwenye muziki huku kila mmoja akijilaumu. La pili ni kutoza fedha za ziada kwa marekebisho ya gitaa jipya, wakiyaita huduma ya hiari. Gitaa ambalo freti ya kwanza haibonyezeki halijawa tayari kuuzwa, na bei iliyoandikwa juu yake ilipaswa kuwa bei ya gitaa linalopigika. Ukinunua kwa kuletewa, fanya ukaguzi wote siku linapofika, ukiwa bado una haki ya kulirudisha, na usikate nyuzi wala kutupa boksi.

Jihadhari pia na nyuzi wanazofunga wenyewe. Nyuzi za kawaida za besi ya nyuzi nne huanzia unene wa 0.045 ya inchi kwa G hadi 0.105 kwa E, na mifereji ya nati hukatwa kwa kulingana nazo. Muuzaji akifunga seti nene zaidi kwa kuwa ndiyo iliyobaki dukani, uzi hauingii hadi chini ya mfereji. Unakaa juu ya kingo zake, na gitaa zuri linageuka kuwa gumu.

Kwa sababu hiyohiyo, wanaotumia mkono wa kushoto msikubali kuuziwa gitaa la kulia mkaambiwa mligeuze nyuzi. Uzi mnene wa E utapanda juu ya mfereji mwembamba uliokatwa kwa ajili ya G, na uzi wa G utacheza ndani ya mfereji mpana wa E. Magitaa ya kushoto ni machache na wauzaji wengi hawapendi kuyaagiza, lakini yapo. Dai uagiziwe, au umwambie muuzaji abadilishe nati nzima na kuikata upya kwa gharama yake, kisha ukague freti ya tatu mwenyewe kabla ya kulipa.